Ufahamu Bila Uhakiki, Uhakiki Bila Ufahamu: Kusoma Maisha ya Tippu Tip katika Njia ya Misafara ya Tabora

Ikisiri

Makala haya yanajadili uhusiano wa stadi mbili ambazo ufundishaji wa Kiswahili umezoea kuzitenga, yaani ufahamu wa matini na uhakiki wa fasihi. Matini inayotumika ni tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambayo sehemu yake kubwa inahusu njia ya kale ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora kuelekea magharibi. Hoja kuu ni kwamba katika matini ya aina hii ufahamu haukamiliki bila uhakiki, kwa kuwa mambo mazito yamefichwa katika maana za zamani za maneno, katika miundo ya sentensi na katika mbinu za msimulizi. Vilevile, uhakiki usioanzia katika ufahamu wa maneno na sentensi huishia kuwa orodha ya dhamira zisizo na ushahidi. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuuliza maswali inayoziunganisha stadi hizo.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Tanzania hukutana na matini kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kifungu cha ufahamu. Hapo husoma aya chache, hujibu maswali kuhusu yaliyosemwa, hutoa maana za maneno matano au sita, hupendekeza kichwa cha habari na pengine hufupisha. Njia ya pili ni kitabu teule cha fasihi. Hapo huainisha fani na maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, wahusika, mandhari, muundo, mtindo na matumizi ya lugha. Njia ya kwanza huhesabiwa kuwa ya lugha, na ya pili kuwa ya fasihi. Mara nyingi hufundishwa kwa vipindi tofauti na hupimwa kwa maswali tofauti, na mwanafunzi hujifunza mapema kwamba akiwa katika ufahamu hatakiwi kuhoji, na akiwa katika fasihi hatakiwi kurudi kwenye sentensi.

Utengano huu una historia yake. Mjadala wa fani na maudhui, ambao kila mwanafunzi anaujua kwa mfano wa kikombe na chai au wa pande mbili za sarafu, ulilenga kuonyesha kwamba kinachosemwa na namna kinavyosemwa havitenganiki. Hata hivyo, mjadala huo ulibaki ndani ya uhakiki. Haukuvuka kwenda kuuliza kama swali dogo la ufahamu, kwa mfano "msimulizi alifika wapi?", linaweza kujibiwa barabara bila kuangalia namna msimulizi alivyolisema jambo hilo. Njogu na Chimerah (1999) wamejadili kwa kina mbinu za kufundisha fasihi, na Wamitila (2002) ameweka wazi misingi na vipengele vya uhakiki. Kazi hizo zimemsaidia sana mwalimu. Tunachokitazama hapa ni mpaka uliopo kati ya fasihi hiyo na kipindi cha ufahamu kinachoitangulia.

Ili hoja isibaki hewani, tumechagua matini moja na njia moja. Matini ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip. Njia ni ile iliyotoka Bagamoyo na bandari nyingine za Mrima, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe na Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Uchaguzi huu una sababu. Matini imeandikwa kwa Kiswahili sahili cha masimulizi, haina mafumbo ya ushairi, na mtu anaweza kuisoma kutoka mwanzo hadi mwisho akidhani ameielewa yote. Matini inayoonekana nyepesi kiasi hicho ndiyo inayopima vizuri zaidi uwezo wa kusoma.

2. Matini na mazingira yake

Hamed bin Muhammed alizaliwa Zanzibar katika karne ya 19 na kufariki huko mwaka 1905. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyefanya makao yake Tabora, akaoa katika ukoo wa kitawala wa Unyanyembe. Kwa hiyo, Tabora katika tawasifu hii ni mji wa baba, kituo cha mali na mahali pa kukusanyia nguvu kabla ya kuendelea na safari. Baada ya kustaafu na kurejea Zanzibar, Hamed aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode, aliyekuwa mtumishi wa ubalozi mdogo wa Ujerumani Zanzibar, aliigeuza hati hiyo kuwa ya Kilatini na kuichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani huko Berlin mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley akaitoa upya ikiwa na tafsiri ya Kiingereza kupitia Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959, na baadaye ikatoka kama kitabu mwaka 1966. Tafsiri ya Kifaransa ya Bontinck ilitoka mwaka 1974.

Historia hii fupi ya uchapishaji ni sehemu ya ufahamu wa matini yenyewe. Anayesimulia ni mfanyabiashara wa pembe aliyetumia watumwa na bunduki. Anayesubiri kusoma ni mtumishi wa dola ya kikoloni ambayo imekwisha kuitwaa njia ile ile aliyoitawala msimulizi na wenzake. Mtu anayesimulia maisha yake mbele ya msomaji wa namna hiyo ana mambo ya kujivunia na mambo ya kuyapita haraka. Mwanafunzi asiyejua nani aliandika, kwa ajili ya nani na lini, atasoma ukimya wa msimulizi kana kwamba ni ukosefu wa matukio.

Tawasifu hii haikuwa peke yake. Katika miaka hiyo hiyo, Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli (1901), ambamo Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na Desturi za Wasuaheli (1903), kitabu kinachotokana kwa sehemu kubwa na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kwa hiyo tuna kundi la maandishi ya nathari ya Kiswahili kuhusu safari za bara, yote yakiwa yamepitia mikono ya Wajerumani. Tabora na njia yake zimeingia katika nathari ya Kiswahili mapema kuliko riwaya. Hata hivyo, wanafunzi wengi huyakuta maandishi haya, kama wakiyakuta, kwa jina la hati za historia.

3. Maneno yanayofahamika yanayopotosha

Kipengele cha kwanza cha ufahamu ni msamiati. Kwa kawaida mwalimu huchagua maneno magumu na kuwataka wanafunzi watoe maana zake. Katika maandishi ya misafara, maneno magumu hayana hatari kubwa, kwa sababu mwanafunzi anajua kwamba hayajui. Hatari iko katika maneno anayodhani anayajua.

Tuchukue neno hongo. Kwa msomaji wa leo hongo ni rushwa, yaani kitu kinachotolewa kwa siri ili kupotosha haki. Katika njia ya misafara, hongo lilikuwa ushuru wa kupita. Mtawala wa nchi, hasa katika Ugogo, alilipwa nguo, shanga au waya ili msafara upite, uchote maji na ununue chakula. Lilidaiwa hadharani, lilijadiliwa kwa siku kadhaa na kiwango chake kilijulikana. Mwanafunzi anayesoma kwamba msafara ulitoa hongo kwa mtemi fulani, akatumia maana ya leo, atahitimisha kwamba watawala wa bara walikuwa wala rushwa. Atakuwa amejibu swali la maana ya neno "kwa usahihi" kulingana na matumizi ya sasa, na wakati huo huo atakuwa amegeuza mfumo wa kodi wa dola za Kiafrika kuwa uhalifu. Hatakosea tu maana. Atakuwa pia amechukua upande wa mfanyabiashara aliyekerwa na malipo hayo, bila kujua kwamba kuna pande mbili.

Neno posho limesafiri njia nyingine. Kwa mpagazi lilikuwa chakula au nguo ya kununulia chakula njiani. Leo posho ni malipo ya kikao. Neno safari, ambalo kwetu ni mwendo, katika maandishi haya huweza pia kuwa msafara wenyewe, watu na mizigo yao. Neno mali linaweza kuwa bidhaa za kwenda nazo au pembe za kurudi nazo, na mara nyingi ni muktadha pekee unaoamua. Neno pembe linamletea mwanafunzi picha ya ng'ombe au kona ya chumba kabla ya kumletea ndovu.

Zito kuliko yote ni neno washenzi. Mwandishi wa pwani wa wakati huo alilitumia kuwataja watu wa bara wasio Waislamu na wasioishi kwa desturi za miji ya pwani. Kitabu cha mazoezi kikitoa maana kwamba mshenzi ni mtu asiyestaarabika, kitakuwa kimetoa hukumu ya msimulizi na kuiita maana ya neno. Kwa mwanafunzi wa Tabora, Urambo au Sikonge, ambaye mababu zake ndio wanaotajwa, tofauti hii ina uzito wa pekee. Jibu sahihi la ufahamu ni lile linaloweka mtazamo ndani ya maana: neno alilotumia mwandishi wa pwani kuwaita watu wa bara, likibeba dharau yake. Hapo tayari tumeingia katika uhakiki, ingawa bado tupo katika swali la kwanza la msamiati.

4. Sarufi ya wasiotajwa

Kipengele cha pili ni sentensi. Masimulizi ya safari katika Kiswahili yanategemea sana kiambishi -ka-. Kiambishi hiki hupanga matukio kwa mfuatano: wakaenda, wakafika, wakapigana, wakapata. Kinaeleza kwamba tukio la pili limefuata la kwanza, lakini hakielezi kama limesababishwa nalo, wala hakipimi uzito wa tukio lolote. Kupiga kambi na kuchoma kijiji vinaweza kukaa katika mnyororo mmoja kwa kiambishi kimoja na kwa mwendo ule ule. Msomaji anayekwenda na mnyororo huo husukumwa mbele. Hakuna kituo cha sarufi kinachomwambia asimame.

Pamoja na -ka- kuna uteuzi wa kiima. Tutazame sentensi mbili tulizoziunda kwa ajili ya mjadala huu: "Pembe zikafika Tabora" na "Wapagazi wakazifikisha pembe Tabora." Zote mbili zinaweza kuelezea tukio moja. Katika ya kwanza, pembe ndizo zinazotembea. Kitenzi fika hakihitaji yambwa, kwa hiyo sentensi haina pengo la kisarufi na msikilizaji hahisi kwamba kuna kilichokosekana. Katika ya pili kuna watu, na kauli ya kutendesha inaonyesha kwamba walifanya kazi. Vivyo hivyo, "mji ukavunjika" ni tofauti na "mji ukavunjwa", na zote mbili ni tofauti na "tukauvunja mji". Kauli ya kutendwa humwacha mtendaji nje lakini huacha mlango wazi, kwani msomaji anaweza kuuliza "na nani?" Kauli ya kutendeka hufunga hata mlango huo. Huu ni utajiri wa lugha yetu, na msimulizi hodari huutumia ipasavyo, ama kwa makusudi ama kwa mazoea ya tabaka lake.

Kiambishi tu- nacho kinahitaji kuangaliwa. Kiswahili hakitofautishi kwa viambishi "sisi" inayomhusisha kila mtu katika kundi na "sisi" inayohusu wachache ndani yake. Msimulizi wa msafara akisema "tukapigana" na baadaye "tukapata pembe", kiambishi ni kimoja lakini watu huenda wasiwe wale wale. Waliopigana ni pamoja na watumwa na wafuasi wenye bunduki. Waliopata pembe ni wenye mali. Swali la ufahamu linalouliza "sisi katika sentensi hii ni akina nani, na katika ile ni akina nani?" ni swali la sarufi, na kulijibu ni kueleza muundo mzima wa jamii ya msafara.

Njia nyingine ya kuwaona wasiotajwa ni hesabu. Frasila moja ilikuwa takriban ratili 35, yaani kilo 16 hivi, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba msimulizi anataja frasila 600 za pembe. Hizo ni takriban mizigo 300. Kila mzigo uko juu ya bega au kichwa cha mtu mmoja, na kutoka Tabora hadi pwani ni mwendo wa kilomita zaidi ya 800 unaochukua miezi. Namba ya frasila, ambayo mwanafunzi huiruka kwa kuwa ni ya kizamani, inamkabidhi watu 300 ambao sentensi haikuwataja. Hatukuhitaji nadharia kubwa kufika hapo. Tulihitaji kugawanya kwa mbili. Iser ameeleza kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza. Hapa pengo lina ukubwa unaopimika.

5. Msimulizi anayetueleza uongo wake

Kipengele cha tatu ni msimulizi. Swali la kawaida la ufahamu kuhusu mwanzo wa tawasifu hii lingekuwa: msimulizi alianza safari akiwa na umri gani? Jibu ni miaka 12, na alama hutolewa. Jibu hilo ni sahihi, nalo halimpeleki mwanafunzi popote. Mbele kidogo kuna kisa kinachostahili swali. Baba anataka mali ya safari iwe mikononi mwa mtu wa Mrima. Kijana anakataa kuwa chini yake, na baba anakubali kumkabidhi yeye. Hakuna anayetukanwa na hakuna anayeeleza sababu kwa urefu. Ili kuelewa kwa nini kijana amekataa, msomaji lazima ajue kwamba katika ulimwengu wa msimulizi Mwarabu wa Zanzibar na Mswahili wa Mrima hawakuhesabiwa kuwa sawa, na kwamba ujana wa mmoja haukutosha kuifuta tofauti hiyo. Swali "kwa nini alikataa?" ni la ufahamu kwa umbo lake, na la uhakiki wa mhusika kwa jibu lake.

Sehemu inayopima zaidi ni ile ya Utetera, mbali magharibi ya ziwa. Msimulizi anapata habari za mabinti wa ukoo wa kitawala waliotekwa zamani. Anazishika habari hizo, kisha anajitambulisha kwa watu wa Utetera kuwa ni mjukuu katika ukoo huo. Mtawala mzee anampokea na kumwachia madaraka. Msimulizi hatufichi kwamba nasaba hiyo aliitunga. Anatueleza hila yake kwa utulivu wa mtu anayeeleza biashara nzuri.

Tangu Booth (1961), uhakiki una istilahi ya msimulizi asiyeaminika. Wanafunzi wetu wanaweza kuifafanua istilahi hiyo na kuitolea mfano kutoka riwaya waliyosoma. Hata hivyo, kisa cha Utetera kinaleta tatizo ambalo fasili ya darasani hailimalizi. Msimulizi anamwambia msomaji ukweli kwamba aliwadanganya watu wengine. Je, ukweli huo unamfanya aaminike zaidi, kwa kuwa hakuficha? Au unatuonya kwamba mtu huyu anajua kupanga habari alizosikia ili zimletee faida, na kwamba sisi pia ni wasikilizaji wake? Yote mawili yanaweza kutetewa, na anayetetea lolote lazima arudi kwenye matini kuangalia msimulizi anasema nini kabla na baada ya kisa hicho. Hapo ndipo tunapotaka mwanafunzi afike: mahali ambapo jibu halimo katika mwongozo, lakini ushahidi umo katika ukurasa.

Jina Tippu Tip lenyewe linatoa zoezi dogo la aina hiyo hiyo. Katika tawasifu, jina linatokana na mlio wa bunduki zake kama walivyousikia aliopigana nao. Wasafiri wa Ulaya walieneza maelezo mengine, likiwamo la kupepesa macho. Mwenye jina amechagua maelezo yanayomfanya aogopwe. Swali la "jina hili linatokana na nini?" lina majibu zaidi ya moja, na jibu zuri ni linalotaja nani anasema nini na anapata faida gani kwa kusema hivyo.

6. Mpagazi si mtumwa, lakini

Uhakiki wa namna hii una hatari yake. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta yaliyofichwa anaweza kuyaona kila mahali, na kuibadili kila sura ya msafara kuwa sura ya utumwa. Hilo nalo ni kosa la ufahamu. Rockel (2006) ameonyesha kwamba wapagazi wengi wa njia hii, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi wa malipo, wenye ujuzi, wenye desturi zao za kazi na wenye uwezo wa kugoma na kudai. Safari ya pwani ilimpa kijana wa Unyamwezi heshima na mali. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya kazi yao kwa mara ya pili.

Hata hivyo, tawasifu yenyewe haiuachi mpaka huo ukiwa safi. Katika safari mojawapo, wapagazi waliokodiwa wanamtoroka msimulizi kabla hajafika mbali. Anarudi nyuma na watu wenye bunduki, anawakamata wazee na jamaa za waliotoroka, na mwishowe anaondoka na watu wengi waliofungwa ili wabebe mizigo. Kwa tendo hilo anapewa jina la Kingugwa, yaani chui, kwa jinsi alivyoshambulia huku na huku. Anakitaja kisa hiki kama asili ya jina lake jingine la sifa.

Hapa mhakiki anahitaji usahihi wa mwanaisimu. Watu hawa waliitwa wapagazi mwanzoni mwa kisa kwa sababu walipokea malipo. Waliobeba mizigo mwishoni, wakiwamo jamaa ambao hawakupokea chochote, tuwaite nani? Msimulizi halioni swali hilo, kwani kwake mkataba umevunjwa na hasara imelipwa. Swali lipo kwa sababu sisi tunaliona, na tunaliona kwa kufuatilia neno moja kutoka mwanzo wa kisa hadi mwisho wake. Mwanafunzi akiweza kulifuatilia neno kwa namna hiyo, ataeleza kwa ushahidi ni wapi kazi ya malipo ilipogeuka kuwa utekaji. Asipoweza, ataandika "dhamira ya unyonyaji imejitokeza", sentensi ambayo haiwezi kupingwa wala kuthibitishwa.

7. Hoja zinazoweza kupingana nasi

Hoja ya kwanza ni kwamba matini hii ni historia, haifai kuwa fasihi. Tunajibu kwamba tawasifu ni utanzu unaokubalika katika fasihi ya Kiswahili. Hakuna anayeitoa Maisha Yangu ya Shaaban Robert nje ya fasihi kwa kuwa inasimulia maisha halisi. Ufundi wa kusimulia, uteuzi wa matukio na ujenzi wa nafsi vipo katika kazi zote mbili. Tofauti zao ni kubwa, nazo zenyewe ni somo zuri la ulinganishi.

Hoja ya pili ni ugumu wa lugha. Ni kweli kwamba kuna maumbo ya kale, kama nali- kwa nafsi ya kwanza umoja, na majina ya watu na mahali ni mengi. Hata hivyo, sentensi ni fupi na mtiririko ni wa mazungumzo. Ugumu halisi unatokana na toleo lenyewe: matini inakwenda sambamba na tafsiri ya Kiingereza, na maelezo yake yaliandikwa kwa msomaji wa Kiingereza. Mwanafunzi anayekwama huvukia kwenye tafsiri, na akishavuka, mambo yote tuliyoyajadili kuhusu -ka-, tu- na kauli za vitenzi hupotea machoni pake.

Hoja ya tatu ni mtihani. Maswali yenye majibu zaidi ya moja ni magumu kusahihisha kwa haki pale watahiniwa wanapokuwa wengi. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Tunachopendekeza si kufuta maswali yenye jibu moja, bali kuweka kando ya kila swali la namna hiyo swali linalodai ushahidi. Msahihishaji anaweza kupewa mwongozo unaogawa alama kwa msimamo, kwa sehemu ya matini iliyotajwa, na kwa maelezo ya namna sehemu hiyo inavyouunga mkono msimamo. Jibu linabadilika, kigezo hakibadiliki.

8. Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza kwamba kifungu chochote cha masimulizi kiulizwe kwa ngazi tatu, zote katika kipindi kimoja. Ngazi ya kwanza ihusu maana katika wakati wake: neno hili lilimaanisha nini kwa mwandishi, na sasa linamaanisha nini? Ngazi ya pili ihusu sentensi: nani ametenda, nani ametendwa, nani ameachwa, na sarufi imewezeshaje hayo? Ngazi ya tatu ihusu msimulizi: anajua nini, anataka tuamini nini, na ni sehemu gani ya matini inayotupa haki ya kusadiki au kutilia shaka? Vipengele vya fani na maudhui vinaweza kufuata baada ya hapo, navyo vitakuwa na mizizi.

Kwa shule za Tabora na za wilaya zilizo kandokando ya njia, kuna fursa ya ziada. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kwa urithi wa dunia wa UNESCO, na Kwihara ni miongoni mwa vituo vilivyotajwa. Huko Kwihara kuna tembe linalotunza kumbukumbu ya Livingstone, msafiri aliyekaa hapo kwa muda. Mwanafunzi anaweza kupelekwa kulisoma tembe hilo kama anavyosoma matini: jina la nani limewekwa mlangoni, na ni nani waliojenga, waliopika na waliobeba ambao majina yao hayapo? Anaweza pia kuwauliza wazee wa Kinyamwezi maana ya maneno ya msafara katika lugha yao, kisha akalinganisha maana hizo na zile za tawasifu. Kwa njia hiyo upande wa pili wa neno hongo, wa mtu aliyelidai, utapata nafasi darasani.

Jambo la haraka zaidi, hata hivyo, ni toleo. Tawasifu hii inahitaji toleo la Kiswahili pekee, lenye utangulizi, ramani ya njia, faharasa ya maana za wakati ule na maelezo ya sarufi kwa Kiswahili. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa idara zetu, na inaweza kugawanywa miongoni mwa wanafunzi wa uzamili sehemu kwa sehemu, wanaisimu wakishughulikia faharasa na maelezo ya sarufi, wanafasihi wakishughulikia utangulizi. Wakifanya kazi hiyo pamoja, watalazimika kukubaliana, kwa mfano, namna ya kufasili neno washenzi katika faharasa, na katika mjadala huo hakuna atakayeweza kusema kwamba upande wake ni wa lugha tu au wa fasihi tu.